Mchango wa kumtoa mtu ndani

Huku Tegeta kadi za mchango haziishi. Harusi, kipaimara, msiba, mpaka tunakimbiana pale Kibaoni. Leo nataka tuzungumzie mchango wa aina nyingine, ule wa kumtoa mtu ndani.

Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kashfa, kisa makala ya gazeti la Sauti ya TANU iliyowagusa ma-DC wawili wa kikoloni. Wakili wake alikuwa D. N. Pritt, Mwingereza yule yule aliyemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Hukumu ikatoka Agosti: faini Sh 3,000 au jela miezi sita. Jela ingempa sifa ya ushujaa, lakini yeye akalipa faini akarudi kazini. Kumbuka alikuwa ameacha ualimu Pugu tangu 1955, mshahara hana, na chama chenyewe kiliishi kwa ada na michango ya wanachama. Kwa hali hiyo Sh 3,000 ulikuwa mlima.

Ruka sasa mpaka Machi 10, 2020, mahakama ya Kisutu. Freeman Mbowe na wenzake wanane wanatiwa hatiani kwa kesi iliyotokana na maandamano ya Februari 2018, wakati wa uchaguzi mdogo wa Kinondoni, siku ambayo mwanafunzi Akwilina Akwilini aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala. Faini jumla Sh milioni 350, au jela miezi mitano. Chadema wakapitisha kapu. Watu wakatuma kwa simu, mwenye elfu mbili, mwenye laki, na ndani ya siku chache viongozi wakaanza kutoka Segerea. Dk. Vincent Mashinji, aliyekuwa ameshahamia CCM, alilipiwa na chama chake kipya. (Siasa za Bongo hizo!) Juni 2021 Mahakama Kuu ikafuta hukumu na kuamuru fedha zirudishwe.

Kwa hiyo kuchangia tunajua. Lakini wote hao ni watu wenye majina. Je, kijana wa Kihabeshi aliyekamatwa akielekea Afrika Kusini?

Wamarekani wana mifuko ya dhamana kwa ajili ya watu kama yeye. Kule dhamana ya uhamiaji ni fedha taslimu, na kisheria haipungui dola 1,500. Mhamiaji akihudhuria kesi yake mpaka mwisho, fedha inarudi kwenye mfuko na kumtoa mwingine. Juni 2018, wazazi walipotenganishwa na watoto wao mpakani, mume na mke mmoja walianzisha mchango Facebook kwa ajili ya shirika la RAICES la Texas. Lengo lilikuwa dola 1,500 tu, za kumtoa mzazi mmoja. Zikaja zaidi ya dola milioni 20!

Hapa kwetu fedha peke yake haitoshi. Mahakama inataka mdhamini: mtu mwenye makazi yanayojulikana, kitambulisho, na barua ya serikali ya mtaa. Mhabeshi aliyeingia juzi kwa lori atamjua mjumbe gani? Na mwenyeji anaogopa kujitokeza, maana kumhifadhi mhamiaji haramu nako ni kosa. Matokeo yake wengi hukiri, wanapigwa faini wasiyoweza kulipa, wanaenda jela. Kifungo kikiisha hakuna nauli ya kuwarudisha kwao.

Wanapita njia hiyo wakijua hatari. Juni 2012 zaidi ya 40 walikufa ndani ya lori mkoani Dodoma, wengi kwa kukosa hewa. Magazeti yetu yaliandika siku mbili tatu, basi.

Januari 25, 2021, Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia alikuja Chato. Rais Magufuli akatangaza mbele yake kuwaachia Wahabeshi 1,789 waliokuwa magerezani kwa kuingia nchini bila kibali. 1,789! Hao ni abiria wa daladala ngapi, wadau? Hakuna kapu lililokuwa limewahi kupita Tegeta kwa ajili yao, wala Mbagala. Na wenzao wameendelea kukamatwa tangu siku hiyo, huku shirika la IOM likiendelea kuwatafutia wafungwa hao hati za safari na tiketi za kurudi Addis Ababa.