Nyimbo za Magila na Mkazo wa Kiswahili

Leo naomba tukipime kitu ambacho wengi wetu huku Tanga tumekisikia tangu utotoni: nyimbo za kanisa za Kiswahili.

Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifungua kituo Magila, karibu na Muheza, mwaka 1868. Kiswahili cha ibada yao kilitoka Unguja, ambako Edward Steere, aliyefika mwaka 1864 na kuwa Askofu mwaka 1874, alikusanya hadithi za wenyeji na kutafsiri Maandiko, sala na nyimbo. Walutheri wa Kijerumani nao wakaingia Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakiwa na nyimbo zao.

Wafasiri walizichukua tuni za Ulaya kama zilivyo, wakazijaza maneno ya Kiswahili. Idadi ya silabi waliilinda. Tatizo lilikuwa mkazo. Tuni nyingi za Kiingereza zenye mizani 8 huweka pigo zito kwenye silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Yaani mshororo wa mizani 8 huulemea wa saba. Hivyo neno “moyoni” likikaa mwishoni, mwimbaji hulazimika kuikazia “ni” na kuipuuza “yo”. Tuni zinazoanza na pigo zito, zenye mizani 8, ndizo zinazotukaa vizuri.

Haya niliyajua nikiwa mwanachuo wa ualimu, kichwa kimejaa isimu. Likizo moja nilimweleza bibi yangu mzaa mama kwamba wimbo alioupenda kuliko zote uliivunja lugha. Alikuwa akipepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: “Mjukuu wangu, ulipokuwa ukihesabu, ulikuwa ukimwimbia nani?” Sikuwa na jibu.

Baada ya miaka mingi ya kufundisha ushairi, naona kwamba hata hoja ya lugha ilikuwa upande wake. Arudhi yetu huhesabu mizani na kutazama vina; mkazo hauhesabiwi. Utenzi nao una mizani 8 kila mshororo, na waghani wake mara nyingi huirefusha silabi ya mwisho, penye kina. Nadhani ndiyo sababu sikio la mtu wa pwani halikushtuka liliposikia “moyoni” ikivutwa kanisani. Nilichokiita kosa, yeye alikisikia kama desturi ya kuimba.

Hata hivyo, sisemi kwamba moyo unatosha na maneno yajiendee. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14:15, anataka kuimba kwa roho na kwa akili pia. Augustino, katika Maungamo yake, alijilaumu kila sauti ilipomgusa kuliko maana ya kilichoimbwa. Neno lililopindwa hadi lisisikike haliwezi kubeba sala ya mtu.

Ndiyo maana naithamini kazi iliyofanyika Makumira, Arusha, katika miaka ya 1960. Howard Olson, mwalimu wa chuo cha theolojia, alikusanya tuni za wenyeji, na mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuwa mwanafunzi, akatunga “Mfurahini, Haleluya”. Hapo tuni ya Kitanzania na neno la Kiswahili vilikutana, na wimbo huo ukatafsiriwa kwenda Ulaya na Marekani, njia ile ile ambayo nyimbo za Steere zilijia.

Kwa vijana wanaotungia kwaya zetu leo, nawaomba waghani mshororo kwanza bila kinanda. Wakiusikia unasemeka, ndipo waupe tuni.

Bibi alipofariki, tuliuimba wimbo wake kaburini. Tulipofika mwisho wa mshororo wa kwanza, niliivuta silabi ile ile niliyoikosoa, pamoja na wenzangu wote.