Tashkota ya taarabu na skeli ya Kijapani

TASHKOTA, kinanda kilichovuma katika taarabu ya Mombasa, hasa kundi la Zuhura Swaleh, ilibuniwa na Goro Morita mjini Nagoya, Japani, mwaka 1912. Hata hivyo, skeli ya Kijapani haimo ndani yake.

Koto, ala kongwe iliyoipa tashkota jina, ina nyuzi 13 ambazo kwa kawaida hutiwa sauti kwa skeli ya sauti tano: yo, isiyo na nusu sauti, au in, yenye nusu sauti na majonzi. Morita aliweka vibonyezo mithili ya mashine ya taipu, vinavyotoa sauti zote 12.

Kwa hiyo, anayeisikia harusini Mjambere, Kisauni, husikia ala ya Kijapani ikiimba lahani za pwani, zilizokopa Uarabuni na Uhindini.