Kodi ya Mtu Asiye na Mwajiri

Mwalimu hukatwa kodi kabla mshahara haujamfikia mkononi, kwa kuwa mwajiri wake amekwisha kumfanyia hesabu. Lakini mtu anunuaye ng'ombe katika soko la Garissa na kuwauza Nairobi hana mwajiri. Yampasa ajihesabie mwenyewe. Na tuangalie jinsi jambo hilo lilivyoanza.

Kodi ya kwanza ya Waingereza haikuuliza mtu amepata nini. Mwaka 1901 waliweka kodi ya nyumba: mwenye vibanda vitatu alilipia vitatu, hata kama alivuna makapi. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa mwanamume asiye na kibanda. Sheria ya mwaka 1936, iliyowahusu watu wasiohesabiwa kuwa wenyeji, nayo ilitazama asili tu: Mzungu alipe shilingi 40, Mwasia 30, Mwarabu na Msomali 20.

Ndipo lilipotokea jambo la ajabu. Wasomali wa ukoo wa Isaaq, ambao wengi wao walikuwa wachuuzi na wafugaji katika Isiolo na miji mingine, walikataa kulipa 20. Hawakulalamika kwamba ni nyingi. Walitaka kulipa 30, ili wahesabiwe sawa na Waasia. Walifahamu kwamba stakabadhi ya kodi ndiyo iliyoonyesha cheo cha mtu.

Kodi ya mapato iliingia Kenya mwaka 1937, na sheria itumikayo leo ilianza tarehe 1 Januari 1974. Hiyo haiulizi, "Wewe ni nani?" bali, "Umepata nini?" Swali hili ni la haki zaidi, lakini lataka jibu lenye ushahidi.

Tufanye mfano. Mchuuzi asiye na pato jingine ameuza ng'ombe wa shilingi 2,000,000 kwa mwaka, naye aliwanunua na kuwasafirisha kwa shilingi 1,900,000. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2023, mwenye mauzo yaliyozidi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 hutozwa asilimia 3 ya mauzo yote, alipayo kila mwezi si zaidi ya tarehe 20 ya mwezi ufuatao. Basi atatoa shilingi 60,000, na faida yake yote ilikuwa 100,000 tu!

Walakini sheria yamruhusu kumwandikia kamishna na kuchagua kutozwa kwa faida. Akifanya hivyo, kodi ya shilingi 100,000 ni 10,000. Nayo hufutwa yote na nafuu ya shilingi 28,800 apewayo mlipaji aliye mkazi kwa mwaka. Hatalipa hata senti moja, ila hana budi kupeleka taarifa yake kabla ya mwezi wa Juni kwisha, na kuonyesha ushahidi wa manunuzi unaokubaliwa na sheria.

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wale wa mwaka 1936 walipigania cheo kwa stakabadhi. Mchuuzi wa leo hulinda jasho lake kwa daftari.