Vijana wa Bwiza na Mlango wa Chama



Neno letu la leo ni chama. Kamusi hutueleza kwamba chama ni umoja wa watu wenye lengo moja. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaacha jambo moja: chama kisichoingiza watu wapya huzeeka pamoja na waanzilishi wake, na hatimaye huzikwa nao. Leo tutaitazama historia ya mtaa mmoja wa Bujumbura, ambao ni Bwiza, tupate kujua kijana huingiaje katika chama cha kazi yake, na hutokea nini anapoukuta mlango umefungwa.

Bwiza ni jirani ya Buyenzi, na katika mitaa hii miwili Kiswahili ni lugha ya barabarani, ya sokoni na ya karakana. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, mji ulipokuwa bado ukiitwa Usumbura, Bwiza ilijulikana kwa jina la Belge. Humo na katika mtaa wa Buyenzi waliishi wachuuzi, madereva, mafundi na makarani, watu waliotoka pande mbalimbali wakaunganishwa na kazi na lugha. Biashara kubwa ya jumla ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia. Mwafrika alinunua kwao kwa bei waliyoipanga wao.

Mwaka 1957 kijana mmoja alijaribu kuibadili hali hiyo. Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyezaliwa mwaka 1932, alikuwa amerudi kutoka masomoni Ubelgiji. Akiwa na umri wa miaka 25 tu, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Litazameni neno lenyewe: ushirika limetokana na kitenzi kushiriki. Wafanyabiashara wadogo wangeweka mitaji yao pamoja, wanunue pamoja, wajadili bei wakiwa na sauti moja. Waswahili wa Usumbura walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumuunga mkono.

Ushirika huo haukudumu. Wakoloni waliutazama kwa jicho baya, lakini adui hakuwa wa nje peke yake. Usimamizi wa fedha ulikuwa dhaifu, madeni yakalimbikizana, na shughuli zikakwama. Tukubali fundisho hilo bila kumvunjia heshima mwanzilishi wake: ari ya ujana huanzisha jambo, bali daftari la hesabu ndilo hulidumisha. Wahenga walisema kwamba penye wazee hapaharibiki neno. Mimi ningeongeza kwamba penye wazee watupu neno haliharibiki, lakini pia halianzi.

Rwagasore aliihamishia nguvu yake katika siasa, na wale waliomfahamu kupitia ushirika wakamfuata. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64. Wiki chache baadaye, tarehe 13 Oktoba 1961, waziri mkuu huyo kijana aliuawa kwa risasi. Hakuwa ametimiza miaka 30.

Sasa tuvuke mpaka kidogo tuone mfano mwingine. Mwaka 1929, mjini Dar es Salaam, wazee waliasisi African Association, na Kleist Sykes alikuwa mmoja wao. Miaka ishirini baadaye chama hicho kilikuwa kimepoa. Mwanawe, Abdulwahid Sykes, aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa amepigana vita Burma, na aliporudi akawa katibu wa chama cha makuli wa bandarini. Mwaka 1950 yeye na Daktari Vedasto Kyaruzi waliuchukua uongozi: Kyaruzi akawa rais, Sykes katibu. Mwaka 1953 Mwalimu Julius Nyerere, mwenye umri wa miaka 31, alichaguliwa kuwa rais wa chama hicho hicho, na tarehe 7 Julai 1954 kikageuka kuwa TANU.

Angalieni walivyofanya vijana hao. Hawakukiacha chama cha baba zao kife ili wajenge kingine pembeni. Waliingia ndani yake, nao walipoingia hawakupewa kazi ya kupanga viti na kugawa chai. Walishika urais, ukatibu na kalamu ya kuandika madai. Wazee wengine waliwapisha kwa hiari, wengine kwa shingo upande, lakini walipisha.

Na pale ambapo kijana hakupata nafasi ya namna hiyo? Hapa historia ya Burundi inatuumiza, nasi hatuna budi kuitazama. Baada ya kifo cha Rwagasore lilitokea kundi la vijana lililobeba jina lake. Januari 1962, katika mtaa wa Kamenge, vijana wa kundi hilo walishambulia nyumba za viongozi wa Kihutu, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo kiongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Kikristo. Fikirini maana yake: vijana wa mjini, ambao wangeweza kuwa wanachama wa mtu huyo, walitumwa kumwangamiza. Miaka 33 baadaye msiba ukaifika Bwiza yenyewe. Machi 1995 mauaji yaliikumba Bwiza na Buyenzi, na wakazi wengi wa Kihutu wakayakimbia makazi yao. Magenge ya vijana yalihusika.

Sisemi kwamba chama cha mafundi kingezuia vita. Vita vilikuwa na mizizi mirefu kuliko hiyo. Nasema tu kwamba kijana hapendi kukaa bila kundi. Fundi akimwita kwa jina, akimfunza kazi na kumpa kura, ana mahali pa kusimama. Asipoitwa na yeyote, ataitwa na mwenye kumpa rungu. Chama cha kazi kina fadhila moja ambayo makundi mengine hayana: humuuliza mtu anajua kufanya nini, hakimuulizi ni wa ukoo gani.

Suala hili halikuishia jana. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua, na wachuuzi wengi wakapoteza mali yote bila bima. Machi 2022 pikipiki za abiria, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya jiji, na vijana wengi waliokula kwa kazi hiyo wakalazimika kubadili njia. Nyakati kama hizo ndipo mtu hutambua tofauti kati ya kusema peke yake na kusema kupitia chama. Mmoja akilalamika, ni manung'uniko. Mia wakiandika barua moja yenye takwimu na saini, ni hoja.

Vyama vifanye nini basi ili vijana waingie na wakae? Historia tuliyoisoma inatupa majibu matatu. Kwanza, kiingilio kisiwe ukuta: mwanagenzi asiye na mtaji aruhusiwe kulipa ada kidogo kidogo. Pili, apewe madaraka ya kweli, mathalani unaibu katibu au unaibu mweka hazina, akae kando ya mzee na kujifunza. Tatu, daftari la hesabu liwe wazi kwa kila mwanachama, maana hakuna kinachomfukuza kijana upesi kama michango isiyojulikana ilikokwenda.

Kijana naye ana wajibu wake. Asingoje kubembelezwa. Ahudhurie mikutano, alipe ada, asome katiba ya chama, na akipinga jambo alipinge mkutanoni, si kibarazani. Mkono mmoja haulei mwana. Na chama, kama mwana, hulelewa na mikono mingi, iliyokomaa na iliyo laini.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya ushirika na chama kwa kutumia mifano kutoka mtaani kwako.
2. Kwa nini ushirika wa mwaka 1957 ulikwama? Je, wazee wangeweza kuuokoa?
3. Tunga barua fupi ya kuomba uanachama katika chama cha kazi unayoipenda. Taja utakachopokea, na pia utakachotoa.