Roketi Zilizopima Hewa ya Juu

Hewa tuivutayo sote twaijua, lakini ni wachache wanaouliza yakoma wapi. Apandaye Kilimanjaro, mlima wenye kimo cha meta 5,895, hutweta kwa kuwa huko hewa ni nyepesi. Je, juu zaidi ya hapo ikoje? Zamani wataalamu walipeleka vipimo vyao kwa maputo. Walakini puto huelewa na hewa. Hewa ikipungua mno, haliwezi kupanda tena. Basi, kupita kilometa 40 hivi, watu walikuwa wakikisia tu kutoka chini.

Roketi haihitaji kubebwa na hewa. Mafuta huwaka ndani yake, moshi hutoka nyuma kwa nguvu nyingi, nayo husukumwa mbele. Robert Goddard, Mmarekani, alirusha ya kwanza yenye mafuta ya majimaji tarehe 16 Machi 1926. Mwaka 1929 alitia katika roketi nyingine kipimahewa, kipimajoto na kamera. Ilipanda meta 27 hivi tu, kimo cha mti mrefu. Hata hivyo njia ilikuwa imefunguliwa.

Baadaye Wajerumani walitengeneza roketi kubwa iitwayo V-2, wakaua nayo watu wengi katika miji ya London na Antwerp. Vita vilipokwisha, Wamarekani walizichukua zile zilizotekwa, na mwaka 1946 wakaanza kuzirusha White Sands, katika jangwa la New Mexico. Mahali pa baruti wakaweka vipimo. Tarehe 10 Oktoba mwaka ule roketi moja ilileta alama za mwanga wa jua ambao haufiki kwetu, kwa maana huzuiwa na hewa ya juu. Roketi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kitu kilichotiwa kichwani mwake.

Kazi hiyo ilifika hata pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1962 Italia ilipatana na Marekani, na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma akaiongoza. Majukwaa ya chuma yalisimamishwa juu ya miguu baharini, mkabala wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi irukayo kuelekea mashariki; tena upande huo ni bahari tupu. Mwezi Machi 1964 roketi ndogo za Nike Apache zilirushwa kutoka jukwaa la Santa Rita. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi ya Scout ikapeleka juu setilaiti San Marco 2.

Kipimo cha Broglio kilikuwa hivi: gamba jepesi lilizunguka kiini kizito, vikiunganishwa kwa mikono yenye kunyumbuka. Mfano wake ni mtu aliyevaa kanzu pana: upepo ukivuma, kanzu husogea kwanza, mwili hausogei. Kwa kadiri gamba lilivyosogea, wataalamu walijua uzito wa hewa kwenye kimo cha kilometa 200 na zaidi, karibu sawa na njia ya gari toka Musoma hadi Mwanza. Hewa hiyo ni haba mno, lakini hukipunguzia chombo mwendo hata kikaanguka. Asiyeijua hawezi kusema chombo chake kitadumu siku ngapi.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo setilaiti ya kuchunguza nyota, ikaitwa Uhuru. Roketi za Scout zilirushwa tisa kwa jumla, ya mwisho mwezi Machi 1988. Katika setilaiti ile jina lilikuwa letu, bali vipimo vilikuwa vya wengine. Basi tusidharau kazi ndogo ya shuleni. Mtoto wa Tarime au Mugumu apimaye mvua kila asubuhi, akaandika hesabu yake bila kudanganya, ameanza kazi ile ile ya Broglio. Imebaki tumsaidie aendelee nayo.