Makanika wa Mpakani na Gari Linalozima
Katika eneo la Tororo na Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, ufundi wa makanika ulibadilishwa zaidi na siasa kuliko na mashine. Rais Idi Amin wa Uganda alipowafukuza Waasia mwaka 1972, biashara ya spea, iliyokuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwao, ilidhoofika, na vipuri vikavushwa kutoka Kenya kwa magendo, yaani biashara ya siri isiyolipiwa ushuru, huku fundi aliyekosa kipuri akilazimika kukifufua kilichochakaa.

Gari la kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, lilipowaka kisha likazima lilidai kosa litambuliwe kwanza, kabla ya kufufua kipuri chochote. Likizima baada ya muda mfupi, shaka iliangukia kijitundu cha petroli ya mwendo wa taratibu, ambacho huzibwa na uchafu wa tangi, au pampu isiyojaza bakuli la kabureta; lakini likizima palepale ufunguo unapoachiliwa, kosa huenda lilikuwa kwenye rezista ya koili, kwa kuwa katika baadhi ya magari umeme huikwepa rezista hiyo wakati wa kupiga stata tu. Tofauti hiyo ndiyo iliyomtenga fundi na mbadilishaji wa spea.

Tangu 2018 Uganda imekataza kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, ilhali kikomo cha Kenya ni miaka 8. Kwa hiyo upande wa Uganda hupokea magari makuukuu zaidi, ingawa mengi sasa hupuliziwa petroli kwa umeme badala ya kutumia kabureta, na huweza kuzima kwa sababu ya vali ya hewa iliyojaa masizi.