Stima Imerudi, NAS Imepotea: Vile Utaipea Anwani Isiyohama

Saa tisa mchana Kisii town, mvua imeshuka na radi zake. Stima inaenda. Inarudi baada ya dakika ishirini, ruta inawaka, taa za NAS zinawaka, lakini ukifungua ile video ya matanga unaedit, kila klipu inasema faili haipatikani. Na familia iko Minnesota inaingoja usiku wa leo.

Tulia kwanza. Mara mob diski ziko sawa. Kitu imebadilika ni namba.

Kwa wale hawana rada, NAS ni boksi ya diski inachomekwa kwa ruta na waya, ndio kila mtu studioni afikie video bila kupitishana flash. Ruta ndio inagawa anwani za IP kwa mfumo wa DHCP, na inazigawa kwa mkopo, si zawadi. Stima ikipotea, ruta mob za bei ya chini husahau nani alikuwa na gani. Boksi ilikuwa 192.168.100.12, sahii hiyo 12 iko na simu ya mtu na boksi imetupwa 17. Lapi yako bado inabisha 12. Wakati mwingine boksi inaamka kabla ya ruta, inakosa jibu, inajipea namba ya kuanza na 169.254. Ukiona hiyo usishike bisibisi. Ngoja ruta iamke, chomoa waya wa LAN, urudishe.

Dawa iko kwa ruta. Andika anwani yake kwa brauza, kawaida 192.168.1.1 au 192.168.100.1, ama usome stika iko chini yake. Ingia, tafuta orodha ya vifaa vimeunganishwa, halafu ile sehemu imeandikwa "Address Reservation" au "Static DHCP". Hapo unafunga MAC ya NAS na namba moja. MAC ni zile herufi na tarakimu kumi na mbili ziko kwa stika ya boksi. Chunga: boksi yenye matundu mawili ya LAN iko na MAC mbili, so funga ya lile tundu unatumia. Halafu zima NAS na uiwashe tena ndio ishike hiyo namba.

Kuna wasee huandika namba kwa NAS yenyewe. Inafanya, mradi uchague namba nje ya zile ruta inagawa, mask iwe 255.255.255.0 na geti iwe anwani ya ruta. Lakini ukibeba hiyo boksi kwa shughuli Nyamira, upate ruta ya huko inatumia 192.168.1, boksi ya 192.168.100 itakaa hapo kama mgeni hajui lugha. Mimi ningeachia ruta hiyo kazi.

Sasa jina. Boksi nyingi hutoka dukani zikiitwa jina la kampuni na tarakimu za kuchosha. Ingia setingi za NAS, sehemu ya mtandao, uiite kitu kama studio-kisii. Herufi, tarakimu na kistari pekee, bila nafasi, na isizidi herufi 15 juu Windows huikata. Ukiwa na boksi mbili, kila moja na jina lake, la sivyo ni ngori. Kwa Windows unaifikia kwa \\studio-kisii, kwa Mac ni smb://studio-kisii.local. Foda ya video uipe herufi moja, Z kwa mfano, kwa kila lapi ya Windows, ukitumia jina na si namba. Hapo hata namba ihame, projekti haishtuki.

Na mtu akikwambia ufungue milango ya ruta ndio uingie NAS ukiwa nje, kataa. Januari 2022 programu ya DeadBolt ilifunga faili kwa NAS za QNAP zilizokuwa wazi kwa intaneti, ikaitisha bitcoin 0.03 kwa kila boksi.

Ukimaliza, jaribu kabla mvua ikujaribie. Zima NAS vizuri kwa menyu yake, zima ruta, ngoja dakika tano, washa zote kwa mpigo. Fungua Z. Klipu zikicheza, tuma hiyo video Minnesota.